Vitamini Iliyo Tumboni Si Yako Bado

Kuna sentensi moja inayorudiwa katika vitabu vya biolojia vya shule, katika mafunzo ya lishe na katika mazungumzo ya watu walioelimika: bakteria wa utumbo hututengenezea vitamini. Ikifika Kibombo, kusini mwa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, inageuka faraja. Sahani ina wali mweupe wa mashine au ugali wa muhogo, ina sombe na mawese, samaki hayupo wiki hii wala hakuwapo wiki iliyopita, lakini eti viumbe wadogo wa tumboni watafidia kilichokosekana. Nashikilia kwamba faraja hiyo haina msingi. Na ushahidi mkubwa dhidi yake umo ndani ya bakteria wenyewe, katika protini walizojijengea za kunasa vitamini nje na kuzipitisha hadi ndani ya seli. Hakuna kiumbe anayejenga mtego mkali namna ile kwa ajili ya kitu kilichojaa tele kando yake. Anayetega hivyo ana njaa, na mwenye njaa si mtu wa kumtegemea akugawie.

Chukua Escherichia coli, mkazi wa utumbo aliyechunguzwa kuliko wote. Amevaa tando mbili, moja ndani ya nyingine. Utando wa nje umetobolewa vitundu ambavyo sukari, chumvi na asidi za amino hupita zenyewe bila kugonga hodi, mradi uzito wa molekuli usizidi takriban 600. Vitamini B12 ina uzito wa 1,355. Ndiyo vitamini kubwa kuliko zote, yenye atomu moja ya kobalti iliyofungwa katikati ya pete, na umbo lake ni tata kiasi kwamba ilitengwa mwaka 1948 lakini Dorothy Hodgkin na wenzake hawakuchapisha ramani yake kamili hadi 1956. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Molekuli hiyo haipiti kwenye kitundu cha kawaida. Wala bakteria hawezi kupanua kitundu ili ipite, maana humo humo zingepenya chumvi za nyongo na sumu zilizojaa utumboni. Anahitaji mlango unaoitambua B12 peke yake na kukataa kila kingine.

Mlango huo ni protini iitwayo BtuB. Fikiria pipa lililoundwa kwa mbao 22 zilizosimamishwa kwa duara, likiwa limepigiliwa katika utando wa nje, na ndani yake kizibo kinachojaza nafasi yote. B12 inapopita karibu, mikunjo ya juu ya pipa, ikisaidiwa na ayoni za kalisi, huifunika na kuishika mahali pake. Kushika ni nusu tu ya kazi. Utando wa nje hauna nguvu yoyote ya kuendesha kitu. Nishati iko kwenye utando wa ndani, ambako protoni zimerundikana upande mmoja kama maji nyuma ya boma. Kwa hiyo protini nyingine, TonB, hunyoosha mkono kutoka utando wa ndani, hukamata mkia wa kizibo cha BtuB na kukivuta, na njia hufunguka kwa muda mfupi. B12 huangukia katika uwazi ulio kati ya tando mbili, ambako BtuF inasubiri, yenye umbo la kombe la vipande viwili linaloifumbata. BtuF huipeleka hadi kwenye mashine ya mwisho, BtuCD, iliyokaa katika utando wa ndani. Mashine hiyo huchoma molekuli za ATP, sarafu ya nishati ya kila seli, hubadili mkao, na vitamini huingia. Kaspar Locher, Allen Lee na Douglas Rees walichapisha umbo la BtuCD mwaka 2002, na tangu hapo tunajua kwamba hatua zile si picha za kubuni za darasani. Kila moja ina mwili unaoonekana.

Sasa pima gharama. Protini nne au zaidi, tando mbili kuvukwa, nishati ya aina mbili kutumika, na mzigo wenyewe ni mdogo ajabu: seli ya E. coli inayotumia B12 kutengeneza methionini inaweza kukua ikiwa na molekuli takriban 25 tu za vitamini hiyo ndani yake. Tena mlango una hatari. Kirusi kinachoitwa BF23 hukamata BtuB kutoka nje na kuitumia kama mahali pa kuingilia, na sumu za kolisini za kundi E, ambazo bakteria wengine huzirusha kuua majirani, hupitia hapo hapo. Bakteria akiupoteza mlango huo kwa badiliko la jeni, anakuwa salama dhidi ya maadui wale. Hata hivyo ukoo wa E. coli haukuutupa. Bakteria akishatosheka, B12 iliyo ndani hushika ujumbe wa jeni ya BtuB na kuuzima, ili milango mipya isitengenezwe bure. Akipungukiwa, ujumbe unafunguka tena. Hiyo ni tabia ya kiumbe anayehesabu, anayeishi mahali ambapo vitamini haipatikani kwa uhakika.

Ushahidi ulio mzito zaidi umetoka kwa kundi jingine, Bacteroides, ambao ni miongoni mwa wakazi wengi kabisa wa utumbo mpana wa binadamu. Mmoja wao, Bacteroides thetaiotaomicron, ana milango mitatu ya jamii ya BtuB, wala haitoshi: juu ya mlango ameweka protini nyingine, BtuG, iliyochomoza nje ya seli kama mkono uliokunjuliwa. Mwaka 2018 maabara ya Andrew Goodman katika Chuo Kikuu cha Yale ilipima nguvu ya mkono huo. Nitaieleza kwa hesabu ya mapipa badala ya lugha ya maabara. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Kiasi hicho ukikiyeyusha katika maji ya mapipa 45 ya lita 200, yale yanayobebea mawese, yaani lita kama 9,000, bado maji hayo yangekuwa na B12 ya kutosha kufanya nusu ya protini za BtuG ziwe zimeshika molekuli yake. Maabara hiyo ilionyesha pia kwamba BtuG inaweza kuipokonya B12 kutoka kwa protini ya tumbo la binadamu inayoisindikiza vitamini hiyo utumboni. Mkono wa bakteria una nguvu kuliko mkono wetu.

Wapo watakaosema kwamba B12 ni kioja, tusiijengee hoja nzima. Basi tuiache, tuangalie thiamini, riboflavini, biotini na folati, vitamini ndogo ambazo bakteria wa kundi la maziwa ya mgando na muhogo uliolowekwa wanazihitaji kila siku. Wengi wao hawawezi kuzitengeneza. Wanaziingiza kwa mtambo ambao msomaji anayeishi kando ya reli ya Kindu na Kongolo ataufahamu upesi: injini moja, mabehewa mengi. Injini ni protini tatu zilizoungana, mbili za kuchoma ATP na moja ya kuunganisha. Mabehewa ni protini ndogo ndani ya utando, kila moja ikiwa na kiti cha vitamini yake: ThiT ya thiamini, RibU ya riboflavini, BioY ya biotini. Behewa lililopata abiria huungana na injini, na kinachofuata ni kitu cha pekee katika biolojia yote ya usafirishaji: protini nzima hupinduka ndani ya utando, upande uliotazama nje ukageukia ndani, na kumwaga mzigo wake. Behewa tupu na lililojaa hushindania injini ileile. Maabara ya Dirk Slotboom huko Groningen, Uholanzi, imekuwa mstari wa mbele kuifumbua kazi hii, na vipimo vyake vya ThiT vinaonyesha protini inayoshika thiamini kwa ukali mkubwa. Kwa hiyo si B12 pekee. Vitamini B kwa jumla ni bidhaa adimu katika soko la bakteria, na kila mnunuzi amekuja na mkono mrefu.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili naiheshimu kwa sababu ni ya kweli: hakuna mmea wala mnyama anayetengeneza B12, bakteria na ndugu zao archaea peke yao ndio wanaoijua kazi hiyo. Kila chembe ya B12 iliyomo katika samaki wa Lualaba au katika ini la mbuzi ilianzia kwa kiumbe asiyeonekana. Lakini kusema bakteria ndio watengenezaji si kusema kila bakteria ni mtengenezaji. Uchambuzi wa jeni za spishi za bakteria zaidi ya 11,000, uliochapishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba asilimia 86 kati yao wana vimeng'enya vinavyohitaji molekuli za jamii ya B12, ilhali asilimia 37 tu ndio wanaoweza kuzitengeneza tangu mwanzo. Wanaohitaji ni wengi kuliko wanaozalisha, tofauti ya zaidi ya mara mbili. Isitoshe, mengi yanayozalishwa ni ya jamii ya B12 lakini si B12 yenyewe. Sehemu ya chini ya molekuli ni nyingine, na haiufai mwili wa binadamu. Bakteria hubadilishana aina hizo wao kwa wao. Sisi tuna kiti cha aina moja.

Jambo la pili ni mahali. Mbuzi wa Kibombo hahitaji samaki. Bakteria wake wanaishi katika tumbo la kwanza, lile kubwa la kucheulia, na kila walichotengeneza huteremka pamoja nao hadi utumbo mwembamba, ambako hufyonzwa. Mzalishaji yuko juu, mpokeaji yuko chini, mto unakwenda upande unaofaa. Kwa binadamu mpangilio ni kinyume. B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, ikiwa imesindikizwa na protini iliyotoka tumboni, na bakteria wengi kabisa wako mbele ya hapo, katika utumbo mpana, wakati mlango wa kufyonzea umeshapitwa. Sungura ana tatizo hilohilo, naye amelitatua kwa njia yake: hula tena kinyesi chake laini cha usiku, ili vitamini zilizotengenezwa mwisho wa njia zianze safari upya. Anayesema kwamba B12 ya utumbo mpana inatutosha atueleze kwa nini sungura anajisumbua.

Ushahidi wa tatu umeandikwa kwa miili ya watu. Christiaan Eijkman alipofanya kazi Batavia, Jakarta ya leo, katika miaka ya 1880 na 1890, aliona kuku waliolishwa wali uliokobolewa wakilegea miguu, na waliporudishiwa pumba wakasimama. Ugonjwa wa watu wenye dalili kama hizo, beriberi, ulikuwa ukiua wafungwa, askari na mabaharia waliokula wali mweupe. Watu hao wote walikuwa na utumbo uliojaa bakteria. Mwaka 1999 pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ulilipuka Kuito nchini Angola, miongoni mwa watu ambao vita viliwaachia mahindi na kitu kidogo sana kingine. Nao walikuwa na bakteria. Kama wakazi wa utumbo wangekuwa wazalishaji wakarimu kama tunavyoambiwa, magonjwa haya mawili yasingeweza kuwapo duniani hata siku moja. Maniema, mkoa ambao mpunga uliletwa na Waarabu na Waungwana wa karne ya 19 kupitia Nyangwe na Kasongo na ukakaa hadi kuwa chakula cha nyumbani, ina sababu ya pekee ya kuisikiliza hadithi ya Batavia. Akiba ya thiamini katika mwili haivuki wiki chache.

Lazima nikubali sehemu moja. Seli za utumbo mpana wa binadamu zina milango yao ya thiamini, biotini na folati, na kiasi fulani kinachotengenezwa na bakteria hakika huingia mwilini. Vitamini K ya bakteria nayo ina mchango wake. Sikatai kwamba mchango upo. Ninachokataa ni kuuita akiba, maana haujawahi kuzuia upungufu pale chakula kilipokosa vitamini, na kiwango chake hubadilika kwa kila mtu kulingana na alichokula na dawa alizomeza. Mtu hapangi bajeti ya nyumba kwa pesa ambazo huenda zikaokotwa njiani.

Kuna kosa la upande wa pili nalo, la wale ambao wakishasikia habari za mkono wa BtuG huwaona bakteria kuwa wezi, kisha hukimbilia farmasi kununua dawa za kusafisha tumbo. Hilo ni baya zaidi. Bacteroides wanaishi chini ya mahali tunapofyonza B12; katika mtu mwenye afya, wanachokinasa ni kile ambacho kilikuwa kimeshatupita. Huko walipo wanamenya nyuzi za sombe na mboga tusizoweza kuzimeng'enya na kutuachia asidi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo. Wizi hutokea bakteria wanapopanda juu, wakazaliana katika utumbo mwembamba: baada ya upasuaji ulioacha kipande cha utumbo kisichopitisha chakula, asidi ya tumbo inapopungua uzeeni au kwa dawa za kuizima kwa muda mrefu, au utumbo unapotembea polepole. Hapo mashindano ya mikono yanaanza, na sisi tunashindwa. Tafiti kwa watoto wa mitaa maskini ya Bangladesh zimekuta bakteria wengi kupita kiasi katika utumbo mwembamba wa watoto wanaoishi kwenye maji machafu na vyoo duni. Ndiyo sababu nasema choo na kisima vimo katika orodha ya vitamini, hata kama havionekani kwenye sahani.

Dawa zenyewe zinathibitisha kwamba mlango ndio unaoamua. Wengi wanaijua Bactrim, kotrimoksazoli, vidonge vinavyopatikana karibu kila kituo cha afya. Inafanya kazi kwa kuzuia bakteria asitengeneze folati. Kwa nini haituui sisi, ambao folati tunaihitaji vilevile? Sababu kubwa ni kwamba sisi hatuitengenezi; tunaichukua kwenye chakula, na seli zetu zina milango ya kuipitisha. E. coli ni kinyume chetu: anaitengeneza mwenyewe na hana mlango wa kuiingiza, hivyo kiwanda kikifungwa anakufa hata akiwa anaogelea katika folati. Sasa mtazame Enterococcus, mkazi mwingine wa utumbo anayesababisha maambukizi ya mkojo na damu. Yeye anao uwezo wa kuchukua folati iliyo tayari kandokando yake, na kwa sababu hiyo kotrimoksazoli haitegemewi dhidi yake hata kipimo cha maabara kikionyesha kwamba anauawa. Dawa ileile, vitamini ileile. Tofauti ni mlango katika utando. Mtu anayegawa vidonge hivyo kwa kila tumbo linalouma hafahamu kwamba anacheza na milango, na kwamba aliyebaki hai ni yule mwenye njia ya kuingizia.

Wapo wanaoiendeleza hoja hii hadi kwenye dawa mpya, na napenda wanakoelekea. Roseoflavini ni molekuli inayofanana na riboflavini, iliyotengenezwa na bakteria wa udongo wa Ufilipino. RibU huipokea ikidhani ni vitamini, na ikishaingia huharibu kazi za seli. Vimelea vya kifua kikuu, ugonjwa ambao Kongo ni moja ya nchi zinazobeba mzigo wake mkubwa duniani, huingiza B12 kwa protini inayoitwa Rv1819c, ambayo umbo lake lilichapishwa mwaka 2020 na kuonyesha chumba kikubwa chenye maji ndani ya utando, tofauti kabisa na BtuCD. Siri ya mlango ikijulikana, mtu anaweza kufikiria kutuma sumu iliyovaa nguo za vitamini. Tahadhari yangu ni ileile niliyoitaja kwa kirusi BF23: bakteria anaweza kuutupa mlango. Dawa ya namna hii itadumu tu dhidi ya kiumbe ambaye hawezi kuishi bila vitamini ya nje.

Turudi kwa watu. Sindano nyekundu ya B12 imepata sifa Kongo na Afrika Mashariki ya kuongeza damu na nguvu kwa kila anayechoka. Sindano huikwepa milango yote ya utumbo, na kwa hiyo ni tiba sahihi kabisa kwa mtu ambaye tumbo lake halitoi tena protini ya kusindikiza, au aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba. Kwa hao ni uhai. Kabla ya George Minot na William Murphy kuonyesha mwaka 1926 kwamba maini yanatibu upungufu wa damu unaotokana na hali hiyo, wagonjwa wa namna hiyo walikufa. Lakini upungufu wa damu unaoonekana katika vituo vyetu mara nyingi una malaria, ukosefu wa chuma, minyoo ya safura au selimundu nyuma yake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachongoja B12. Anayechomwa sindano nyekundu kwa malaria ya kurudiarudia hulipia rangi, na ugonjwa unaendelea.

Utumbo wetu wenyewe una kikomo ambacho wapishi wa nyumbani wanapaswa kukijua. Njia ya B12 inayotumia protini ya kusindikiza hujaa kwa mlo mmoja ikishapitisha takriban mikrogramu 1.5 hadi 2. Kinachozidi huingia kwa bahati, kama asilimia moja tu. Kwa hiyo kilo ya samaki katika karamu ya mwezi haiwezi kuchukua nafasi ya vipande vidogo vilivyogawanywa katika juma. Kipande kidogo cha samaki aliyekaushwa kwa moshi kikiwa ndani ya sombe mara tatu au nne kwa wiki kinafanya kazi kubwa kuliko sahani kubwa ya mara moja. Yai ni msaada. Ini la mbuzi au la ng'ombe likipatikana lisiachiwe wageni na wazee wa kiume; mama mjamzito na anayenyonyesha ndio wa kwanza, kwa sababu mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama na kisha hunywa kile ambacho maziwa yanacho. Ini la mtu mzima huweka B12 ya miaka, na hilo ndilo linalowadanganya wengi: upungufu hujengeka kimya, na ganzi ya miguu au kupotewa na kumbukumbu vinapokuja, hakuna anayevihusisha na sahani ya miaka mitano iliyopita.

Kuhusu wali, dawa ipo na ni ya zamani kuliko sayansi yake. Mpunga ulowekwe, uchemshwe au upigwe mvuke ukiwa na maganda yake, uanikwe, ndipo ukobolewe. Maji ya moto huisukuma thiamini kutoka tabaka la nje hadi ndani ya punje, na mashine ikija kukwangua pumba, sehemu kubwa ya vitamini imekwisha kuhamia mahali pasipofikiwa. India na Afrika Magharibi zinakula wali wa namna hii kwa mamilioni. Wenye mashine za kukoboa Kibombo na Kindu wangeweza kuanza na magunia machache, na wauguzi wa eneo la wali wangefaa kuifikiria beriberi wanapoletewa mtoto mchanga wa miezi michache anayenyonya, sauti imepotea au moyo umelemewa ghafla, kwa kuwa thiamini ni nafuu na mtoto hana muda wa kungoja. Pale ambapo wali mweupe ndio pekee uliopo, usioshwe maji matano na maji yake ya kupikia yasimwagwe.

Vidonge vya chuma na folati anavyopewa mama mjamzito aendelee navyo. Kipimo cha kawaida cha mikrogramu 400 za folati ni chema. Tatizo lipo kwa yule anayemeza folati nyingi kwa miezi ili kuongeza damu, huku B12 yake imekwisha: damu hurekebika, kipimo kinasomeka vizuri, na uti wa mgongo unaendelea kuharibika nyuma ya pazia. Ndiyo maana natamani kipimo cha B12 kipatikane mkoani badala ya damu kusafirishwa hadi Kinshasa, na hapa ndipo milango ya bakteria inaweza kututumikia.

Kabla ya mashine za kisasa, B12 katika damu ilipimwa kwa Lactobacillus leichmannii, bakteria asiyeweza kukua bila vitamini hiyo. Njia yenyewe ni hii: damu ya mgonjwa iliyoandaliwa hutiwa katika mchuzi wenye kila kitu isipokuwa B12, bakteria hupandikizwa, mirija huachwa kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha au zaidi, na asubuhi hutazamwa ukungu wa mchuzi. Ukungu ukiwa mwingi, vitamini ilikuwapo. Folati hupimwa vivyo hivyo kwa ndugu yake, Lactobacillus rhamnosus, na njia hiyo bado inatumika katika maabara za rejea za dunia kwa tafiti za watu wengi. Kinachohitajika ni kitotoleshi, kipima ukungu, vyombo safi na mikono yenye subira, vitu ambavyo maabara ya Chuo Kikuu cha Kindu au hospitali ya mkoa ingeweza kuvipata bila kungoja mtambo wa mamilioni. Mikono ya bakteria, inayotushinda kwa nguvu utumboni, ingetuhesabia molekuli. Kuna sharti moja tu ambalo fundi wa maabara hatalisahau: mgonjwa aulizwe kwanza kama amemeza antibayotiki siku za karibuni, maana dawa iliyobaki katika damu yake itawaua bakteria wa kipimo, mchuzi utabaki bila ukungu, na mtu mwenye B12 ya kutosha ataandikiwa kwamba hana.